Kaka akiwa ndani, tulizidi kumtuma

Watu wakisikia ndugu yako yupo rumande wanauliza kafanya nini, halafu wanauliza wakili mmemweka nani. Basi. Sijapata kuulizwa nani anapika Jumamosi, nani anafua nguo zake za mahakamani, wala mtoto wake anajibiwa nini akiuliza baba anarudi lini. Naandika haya kwa ajili ya yule anayefika getini mara ya kwanza na kikapu chake mkononi, hajui hata foleni inaanzia wapi.

Kaka yangu alikamatwa mwaka 2018 pamoja na wenzake kazini. Alikuwa karani wa hesabu. Ofisi siitaji, na undani wa kesi nauacha, maana si siri yangu peke yangu. Hati ya mashtaka ilikuwa na makosa ya uhujumu uchumi, na katikati yake kosa moja la utakatishaji fedha. Hilo moja ndilo lililotukalisha. Wakati ule kifungu cha 148(5) cha Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai kilitaja makosa ambayo mshtakiwa hapewi dhamana: mauaji, uhaini, unyang'anyi wa kutumia silaha, na utakatishaji fedha ulikuwemo. Hata mlete hati za nyumba za mtaa mzima, anarudi rumande.

Siku ya kwanza mahakamani tulidhani atasimama aseme hakufanya. Hakimu akawaambia hawatakiwi kujibu chochote kwa kuwa mahakama yake haina mamlaka ya kusikiliza shauri hilo, mwenye mamlaka ni Mahakama Kuu. Wakili wa Serikali akasema upelelezi haujakamilika. Kesi ikaahirishwa kwa wiki mbili, karandinga likaondoka nao. Mama akanigeukia: "Sasa wamesemaje?" Hawajasema kitu, mama. Ile "upelelezi haujakamilika" tuliisikia mpaka mtoto wa kaka akawa anaijibia nyumbani akiulizwa kama amemaliza kuosha vyombo.

Kitu cha kwanza cha kujua ni tofauti ya mahabusu na mfungwa, maana getini hawachukuliwi sawa. Mahabusu kesi yake bado. Anavaa nguo zake, na nyumbani wanaweza kumletea chakula. Mfungwa ameshahukumiwa, amepigwa mvua zake, yaani miaka ya kifungo, anavaa sare ya rangi ya chungwa na anakula cha gereza. Kwa Dar es Salaam, Keko na Segerea ndiyo majina utakayoyasikia sana kwa mahabusu, na Ukonga kwa wafungwa. Majirani walipokuwa wakimwita kaka "mfungwa", baba mdogo alikuwa akiwasomea Katiba, Ibara ya 13(6)(b), inayokataza mtu aliyeshtakiwa kutendewa kama mwenye kosa kabla halijathibitika. Hawakubadilika sana, lakini yeye alilala usingizi.

Ratiba ya kuonana kila gereza lina yake. Sisi tuliangukia Jumamosi na Jumapili. Usitegemee maneno ya mtaani. Nenda mwenyewe siku ya kazi, muulize afande wa zamu kwa adabu, uandike anachokwambia: siku, saa, vitu vinavyokatazwa. Siku yenyewe simu unaiacha, kitambulisho unaonyesha, jina la ndugu yako linaingia daftarini, halafu unakaa benchi. Pale benchi ndipo tuliposomeshwa, na walimu wetu walikuwa wanawake waliotutangulia.

Wao ndio waliotuambia tusipeleke maharage. Mtu anakula ugali wa dona na maharage kila siku ya Mungu, nawe unamwendea na maharage ya nazi! Mpelekee kisichopikwa mle: mchicha uliokaangwa vizuri, ndizi, samaki asiye na miiba mingi, pilau siku za sikukuu. Kisiwe cha kuchacha upesi, kwa sababu kati ya kukabidhi na kula jua linaweza kusogea sana. Wakati wa Ramadhani tulijifunza kupeleka tende, maandazi na mihogo mikavu badala ya uji, maana kinachopokelewa saa nne asubuhi kinafuturiwa jioni.

Kisha kuna kuonja. Afande anakwambia uonje kila chombo mbele yake, hata mchuzi. Pilau linachimbuliwa kwa kijiko mpaka chini, chapati zinakunjuliwa moja moja, sabuni ya mche inakatwa vipande ionekane haina kitu ndani. Mama alinuna siku ile, akaona tunafanywa wachawi. Mama mmoja wa Gongo la Mboto, mwenyeji wa benchi lile, akamwambia, "Shoga, wewe onja kwa nafasi, ndiyo chakula chako cha mchana hicho." Tangu hapo mama akawa anaonja vijiko vikubwa.

Na msipike cha mtu mmoja. Mle ndani kuna watu waliotoka mbali, kwao Kigoma, kwao Mtwara, hawana wa kuwaletea hata kipande cha muhogo. Kaka alitwambia mapema: kama hamwezi kuleta cha kugawa, bora msilete, kwa sababu siwezi kula huku wanaonizunguka wanameza mate. Kwa hiyo wali ulikuwa mwingi na nyama kidogo, na bajeti tukaipanga hivyo.

Kuonana kwenyewe ni dakika chache, ninyi upande huu wa wavu, wao upande ule, na kila familia inapaza sauti kuishinda nyingine. Mwanzoni mama alikuwa akizimaliza dakika zote kwa kulia, na kaka akizimaliza kwa kumbembeleza. Tunatoka pale hatujui kama alipata dawa ya vidonda vyake vya tumbo. Nikaanza kuandika kwenye kiganja kwa peni mambo ya kumuuliza, kwa sababu simu imebaki getini na karatasi itakuletea maswali. Kiganja hakina shida. Nikifika nasoma: tumbo, viatu, wakili anasema hivi, ada imelipwa. Machozi tuliyaacha ya kwenye daladala.

Sasa nifike kwenye jambo lililonifanya nikae niandike. Miezi ya mwanzo wote tulikuwa tunakwenda kumliwaza. "Vumilia kaka." "Mungu yupo." "Kila jambo na wakati wake." Naye anajibu kwa adabu, nipo, alhamdulillahi, wasalimieni. Kila wiki sauti inapungua. Uso unakuwa wa mtu anayesikiliza redio ya jirani. Tulidhani ni njaa, tukaongeza nyama.

Aliyeubadilisha mwenendo huo ni wifi, na hakukusudia. Alikuja Jumamosi moja amekasirika, maana jirani wa kiwanja chao cha Chanika alikuwa anasogeza mawe ya mpaka, na yeye hajui bikoni ziko wapi. Hata salamu hakumaliza. Akapiga kelele kwenye wavu: "Wewe, mpaka uliuweka wapi? Yule mzee anatunyang'anya kiwanja!" Kaka akasogea mbele, akashika wavu kwa vidole, akaanza kuelekeza: hesabu kutoka kwenye mwembe, tafuta bikoni ya upande wa barabara imefunikwa na majani, nenda kwa mjumbe, alikuwepo siku ya kupima, mwambie alete ile karatasi tuliyosaini. Alizungumza mpaka afande akagonga kwamba muda umekwisha, na bado akapiga kelele kwa nyuma: "Usimtukane yule mzee! Mwendee na mjumbe!" Wiki iliyofuata swali lake la kwanza, kabla ya kuuliza kesi, lilikuwa: jirani kasemaje?

Tukaelewa. Tangu siku hiyo hatukwenda tena mikono mitupu. Kila mara tulikwenda na kazi. Bati la jikoni linavuja, tubadilishe yote au tuzibe? Mtoto ahamie shule ya karibu au abaki alipo? Mpangaji wa chumba cha nyuma halipi, tumpe muda gani? Mengine tungeweza kuyaamua wenyewe, na mengine kwa kweli tulikuwa tumeshayaamua nusu. Lakini tulimngoja aseme, na akisema tulifuata, hata pale nilipoona bati lile afadhali tungebadilisha lote.

Kubwa kuliko yote ilikuwa posa ya mdogo wetu wa mwisho. Baba alikwishafariki, kwa hiyo walii wa binti, yaani mwenye idhini ya kumwozesha, ni kaka, na kaka yupo rumande. Wapo waliosema aliye ndani hana neno, baba mdogo akamilishe tu mambo yaende. Baba mdogo mwenyewe alikataa. Alisema walii hapotezi uwalii kwa kufungiwa mlango. Basi tukaenda getini na posa.

Sijui kama mmewahi kuona posa inazungumzwa kwa kupigiana kelele. Kaka anauliza, "Anafanya kazi gani?" Baba mdogo anajibu, "Fundi friji, Kariakoo!" "Anaswali?" "Anaswali!" "Ana mke mwingine?" Hapo familia zilizokuwa jirani zetu zilinyamaza zisikie jibu. Hana. Kaka akainamisha kichwa kidogo, akasema nimeridhia, ila mahari aseme mwenyewe bibi harusi, msimpangie. Mama yule wa Gongo la Mboto akapiga kigelegele kwenye wavu, na wengine wakamfuata, mpaka afande akaja mbio akidhani kuna fujo. Alipoambiwa, naye akacheka, akatuongezea muda. Kwa sheria ya dini kaka alimpa baba mdogo uwakala kupitia kwa shekhe aliyekuwa akiingia mle kutoa darasa, na ndoa ikafungwa kwa uwakala huo. Siku ya harusi sahani yake ilitengwa, ikapelekwa Jumamosi.

Kwa mtoto tulifanya vivyo hivyo. Alikuwa darasa la pili. Ndugu wengine walishamwambia baba kasafiri, na kama ilivyo kwa watoto, mwenzake shuleni akamwambia ukweli kwa ukali wa kitoto. Wifi akamkalisha, akamwambia baba ameshtakiwa, anasubiri kesi, hajahukumiwa, na anakupenda. Maneno machache, yote ya kweli. Kisha ripoti ya shule ikaja na nafasi ya "maoni na sahihi ya mzazi". Wifi angeweza kuijaza yeye. Aliibeba mpaka getini, akamwomba ofisa, ofisa akaipeleka ndani. Ikarudi na mwandiko wa kaka ule wa kiofisi ulioinama kushoto: "Hesabu ni uzembe tu. Kiswahili vizuri sana. Asaidie mama kuchota maji." Mtoto aliipeleka ripoti shuleni akitembea kifua mbele. Mwalimu alisema ndiyo mzazi pekee aliyeandika zaidi ya neno "nimeona".

Mimi ni fundi cherehani, nina kibanda Tandika, kwa hiyo nguo za kaka zilikuwa mikononi mwangu. Mahabusu huwa na suruali ya mahakamani na za kushindia. Ya mahakamani tuliibadilisha, moja ipo kwake, nyingine kwangu inafuliwa. Kila nikiipata naipima kiunoni kabla ya kuifua, maana yeye kwa mdomo daima ni mzima. Mwaka wa kwanza nilipunguza kiuno, nikapunguza tena. Baada ya ile habari ya Chanika nikaanza kufumua mshono taratibu, kuuachia. Wakili alikuwa na mafaili yake, mimi nilikuwa na futi yangu.

Kuna habari zisizo za kuficha, na msiba ni mmojawapo. Bibi yetu alifariki kaka akiwa ndani. Wazee walitaka tusimwambie mpaka atoke, wakisema tutamwongezea mawazo. Lakini rumande haina ukuta wa habari. Kila jioni karandinga linaleta wageni kutoka kila mtaa wa mji huu, na lazima mmoja atakuwa wa kwenu Mbagala. Tulishaona familia nyingine pale benchi ikivunjika kwa jambo hilohilo: kijana alisikia kifo cha mama yake kwa mahabusu mgeni, akagoma kuonana na ndugu zake kwa muda mrefu. Kwa hiyo baba mdogo alikwenda wiki ileile. Alimtafuta kwanza shekhe wa darasa, ili kaka akitoka pale wavuni awe na mtu wa kukaa naye. Kisha akamwambia waziwazi, bibi ametangulia, tumemzika makaburi ya nyumbani, udongo wako nimekutilia mimi. Kaka na wenzake wakamsomea dua selo. Arobaini tuliweka siku aliyoichagua yeye.

Septemba 2019 ilikuwa ngumu kuliko msiba. Rais Magufuli alimshauri Mkurugenzi wa Mashtaka awape siku saba watuhumiwa wa uhujumu uchumi walio tayari kukiri na kurejesha fedha, ili wasamehewe. Mwisho wa mwezi ikatangazwa kuwa 467 wamekubali, na siku zikaongezwa. Nyumbani hapakulalika. Mama alikuwa na hoja moja: akiri, atoke, mengine Mungu atajua. Nami namwelewa, mzazi anataka mwanawe mlangoni. Wakili alitueleza kuwa kukiri ni kutiwa hatiani, na fedha inayotajwa lazima irudishwe. Tukampelekea kaka maelezo hayo kama yalivyo, bila kumvuta. Akasema, "Mama, nikiri nirudishe hela ipi?" Baadhi ya wenzake waliandika barua, wakatoka. Siwalaumu hata kidogo; mtu aliyelala miaka kwenye sakafu ndiye anayejua uzito wa siku moja zaidi. Yeye alikataa. Mama alisusa kwenda Jumamosi mbili mfululizo. Ya tatu aliamka alfajiri akapika, hakusema kitu.

Hapo niseme jambo ambalo ndugu wengi hawapendi kulisikia. Uamuzi wa kesi ni wa aliye ndani. Ninyi leteni taarifa, mleteni wakili, semeni mnachofikiri mara moja, mkae kimya. Ukimlazimisha kwa machozi getini, atasaini ili ninyi mfurahi, kisha ataishi na ile saini peke yake.

Matapeli watakuja, wajiandalieni. Jioni moja baba mdogo alipigiwa simu na mtu aliyejiita afande wa zahanati: ndugu yenu amezidiwa, dawa inahitajika usiku huu, tumeni laki na nusu kwenye namba hii. Baba mdogo, mzee asiye na haraka, akamuuliza, "Miwani yake mmemvua au bado anayo?" Yule bwana akasema tumemvua, tumemwekea mezani. Kaka hajavaa miwani maishani mwake. Kuna pia vishoka wa mahakamani, wanaovaa suti nyeusi na kuahidi "kuongea na mtu". Jina la wakili mwenye leseni linatafutwa kwenye mfumo wa Mahakama unaoitwa e-Wakili. Usipoliona humo, shika mkoba wako. Na kama hamna uwezo wa kuweka wakili, ipo Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017, na yapo mashirika yanayotoa huduma hiyo bure, kama Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu.

Mama naye alikuwa na mategemeo yake ya redio. Kila 26 Aprili na 9 Desemba anakaa kusikiliza msamaha wa Rais. Alikumbuka Desemba 2017, wale wanamuziki Babu Seya na Papii Kocha walivyotoka. Tarehe 9 Desemba 2019, pale Mwanza, waliposamehewa wafungwa 5,533, alikuwa ameshaanza kumwambia jirani aandae chungu. Ilibidi nimweleze taratibu: mama, msamaha ni wa waliohukumiwa, kaka hajahukumiwa, hana cha kusamehewa. Alinitazama kwa muda. "Kwa hiyo angekuwa na hatia angetoka?" Sikuwa na jibu la kumpa, na mpaka leo sina zuri.

Mwaka 2020 corona ilipoingia, kuonana kukasitishwa kwa muda. Kesi nazo zikawa zinatajwa kwa njia ya video, mahabusu wakibaki gerezani. Tukawa tunakwenda mahakamani kumtazama kaka kwenye runinga. Ndipo barua zikapata kazi. Barua inasomwa na ofisa kabla ya kumfikia, kwa hiyo tuliandika yale tu ambayo tungeweza kuyapigia kelele wavuni. Habari za kesi tulimwachia wakili. Niligundua kaka hapendi barua za pole. Alitaka habari za mtaa: nani kafungua duka, daladala za njia yetu zimebadilishwa rangi, Simba na Yanga imekwendaje, paka kazaa wapi. Mdogo wetu aliandika kurasa nne juu ya ugomvi wa wapangaji, kaka akajibu kwa kuuliza maswali kama hakimu na kutoa uamuzi.

Mwezi Mei mwaka huohuo Mahakama Kuu ilitamka kwamba kile kifungu cha 148(5) kinakwenda kinyume na Katiba. Simu ziliita usiku kucha. Wifi akatoa mapazia akafua. Agosti Mahakama ya Rufani ikaitengua hukumu ile, kifungu kikarudi palepale. Baada ya hapo tukakubaliana nyumbani kwamba habari ya kisheria haipelekwi kwa kaka mpaka wakili ameieleza, na inapelekwa na mtu mmoja, baba mdogo. Awali kila mtu alikuwa anaenda na uvumi wake wa WhatsApp.

Nimtaje wifi kidogo, maana yeye hakuwa na afande wa kumlinda. Watu wa kwao walimwambia adai talaka, wewe bado kijana. Watu wa kwetu walimtazama kama akivaa nguo mpya amekosea. Alikuwa anauza vitafunwa asubuhi, vikoba jioni, na mwisho wa wiki getini. Mwaka wa pili akaugua kwa uchovu. Tukaweka daftari la zamu na michango: huyu anapika, huyu nauli, huyu ada, na kila mwezi wifi ana wiki yake ya kutokwenda kabisa, asiulizwe alikuwa wapi. Wapo ndugu waliojiandikisha kwa kishindo wakapotea baada ya Idi moja. Msipoteze muda kuwanunia. Waliobaki wanatosha.

Mwaka 2021 hati ya mashtaka ilibadilishwa, lile kosa la utakatishaji likaondolewa, yaliyobaki yakawa yanadhaminika. Hapa sikilizeni vizuri. Dhamana inaweza kufunguliwa asubuhi na mtu wenu akalala tena ndani kwa sababu mdhamini hana barua ya serikali ya mtaa. Baba mdogo alikuwa na bahasha tayari tangu mwaka uliotangulia: wadhamini wawili walioulizwa wakakubali, barua zinazohuishwa kila mara, nakala za vitambulisho vya NIDA, hati ya nyumba yake. Watu wa mashtaka mengine siku ile walikuwa wanakimbia na bodaboda kumtafuta mtendaji, naye yupo mkutanoni. Sisi jioni tulikuwa na kaka kwenye Bajaji.

Kurudi kwake hakukuwa kama tulivyofikiri. Alikula kwa haraka, akamaliza kabla mama hajakaa. Usiku alitaka taa iwake. Alfajiri aliamka muda wa kuhesabiwa, akakaa ukingoni mwa kitanda akisubiri, mpaka wifi amwambie hakuna anayekuja. Wageni tuliwazuia wiki za mwanzo, na waliokasirika walikasirika. Hakuhitaji maswali ya mle ndani. Alihitaji kwenda kukinga maji bombani na kurudi.

Ugomvi wa kwanza mkubwa ulikuwa wa fedha. Kaka alidhani atarudi kwenye kiti chake, ashike mshahara usiokuwepo na apange matumizi. Wifi akamwambia hapana. Nyumba hii nimeiendesha, vitafunwa vyangu ndivyo vinavyolipa ada, wewe ulikuwa unatoa ushauri na ulikuwa mzuri, endelea kutoa. Baba mdogo aliitwa kusuluhisha, akasikiliza pande zote, akamuunga mkono wifi. Hadi leo daftari la matumizi liko kwa wifi, na kaka akitaka nauli ya kwenda mahakamani anaomba kama sisi wote.